Tuliita bawasiri

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa naona damu chooni na sikumwambia mtu. Si damu nyingi. Doa jekundu kwenye karatasi, leo na kesho, kisha linapotea mwezi mzima hadi unasahau. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu kubwa ni kukaa. Siku ya kawaida nakaa saa tisa, na mwezi wa kufunga hesabu za mwaka hata kumi na mbili. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo kabla swali halijaulizwa: bawasiri. Nikanunua dawa ya kupaka. Nikanunua na mto wa kukalia wenye tundu katikati. Wenzangu ofisini wakanicheka, nikacheka nao, mambo yakaishia hapo.

Nina miaka 36. Naandika haya kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka ndiye kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na katikati yetu yupo dada. Kaka alikuwa mtu wa kupanda ngazi mbili mbili. Mwaka juzi akaanza kusimama katikati ya ngazi na kutoa simu mfukoni, kana kwamba umeingia ujumbe wa maana sana. Ilituchukua muda kugundua kwamba hakuna ujumbe, anavuta pumzi. Akaenda kupima, akaambiwa damu imepungua, madini ya chuma yako chini. Akapewa vidonge. Akataja kwamba na choo chake kimebadilika, anakwenda mara nyingi na kila akitoka anahisi hajamaliza. Daktari aliyekuwa zamu (hospitali siitaji) akaangalia tarehe ya kuzaliwa kwenye faili akasema, "Wewe bado kijana. Punguza mawazo, kunywa maji." Kaka alikuwa na miaka 42.

Hapa nitasema kama mhasibu, maana kama daktari siwezi. Sanduku la fedha likipungua kila mwezi, huwi umemaliza kazi kwa kuongeza fedha sandukuni. Unauliza zinatokea wapi. Mwanamume mzima hapati hedhi. Chuma chake kikipungua bila sababu inayoeleweka, mara nyingi kuna mahali anavuja taratibu, na mahali pa kwanza pa kushuku ni ndani ya njia ya chakula. Kaka alijaziwa sanduku miezi saba. Vidonge vyenyewe vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi, kwa hiyo hata rangi ambayo ingemshtua mtu ikawa na maelezo yake tayari.

Daktari wa pili, mwanamke mmoja asiyependa maneno mengi, hakumuuliza umri. Alimuuliza, "Hiyo damu inaenda wapi?" Wiki mbili baadaye Kaka akaingizwa kamera. Saratani ya utumbo mpana, upande wa kushoto, hatua ya tatu. Maana yake ilishafika kwenye tezi za limfu za jirani lakini haijaruka kwenda ini wala mapafu. Alikuwa ametimiza 43.

Akapasuliwa, kisha akaanza dawa za kemo. Watu wakisikia kemo wanafikiria nywele. Nywele za Kaka hazikutoka. Kilichomsumbua ni baridi. Moja ya dawa alizokuwa akipewa hufanya mishipa ya fahamu ichukie ubaridi, basi akawa anavaa glavu za sufu kufungua friji ya nyumbani kwake mwenyewe. Akinywa maji ambayo hayajapashwa moto, koo linambana kama ameshikwa. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya friji na glavu zake, ameshika chupa kwa vidole viwili kama anayebeba panya aliyekufa, tukacheka mpaka mkewe akaja kuangalia kuna nini.

Simu iliyonisukuma mimi kwenda kupimwa Kaka aliipiga kabla ya kemo, siku ya tatu baada ya upasuaji.

"Bwana mdogo, una miaka mingapi sasa?"

"36, Kaka. Kwani?"

"Daktari anasema nyinyi mchukue umri wangu mtoe 10."

Nikatoa. Nikanyamaza. Naye akanyamaza, halafu akasema, "Na usimwambie Mama kwa simu. Nenda."

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukiwa na mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto aliyepatikana na saratani ya utumbo mpana au ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo) kabla ya kufika miaka 60, wewe unaanza kupimwa ukiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliokuwa nao yeye alipogundulika, lolote litakalotangulia. Kaka 43, toa 10, ni 33. Mimi nilikuwa nimepitiliza miaka mitatu. Dada, mwenye 40, miaka saba. Ni deni linalozaliwa likiwa limeshapita tarehe ya kulipwa.

Nilipofika kwa yule yule daktari wa maneno machache nilijieleza kwa mpangilio mzuri: kaka yangu, umri wake, umri wangu, nimekuja kwa uchunguzi wa mapema. Akaandika. Kisha akauliza kama nina dalili yoyote, nikasema hapana. Akaacha kuandika, akaniangalia. Nikasema, "Labda bawasiri tu."

"Nani aliiona?"

Hakuna aliyeiona. Hata mimi sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimejigundua mwenyewe kwa kutumia kiti.

Alichonieleza baadaye ndicho hasa kilichonifanya nifungue ukurasa huu na kuandika, maana nimekuja kuona watu wengi wanachanganya. Ule umri unaotajwa kwenye matangazo, 45 au 50, ni wa mtu asiye na lolote: hana dalili, hana mgonjwa katika familia, anajisikia mzima na anapimwa akiwa mzima. Huo ndio uchunguzi wa mapema. Ukishaona damu, au choo kimebadilika wiki kadhaa bila sababu, au tumbo linauma na haliachi, au unapungua uzito bila kukusudia, au chuma kimeshuka, umeshatoka kwenye foleni ile. Wewe sasa ni mtu mwenye dalili, na kwa mwenye dalili hakuna mstari wa umri. Wa 24 anachunguzwa, na wa 36 vilevile. Kumwambia mtu mwenye dalili kwamba hajafikisha umri wa kupimwa ni sawa na kumwambia mtu ambaye nyumba yake inafuka moshi kwamba ukaguzi wa mitungi ya zimamoto ni mwezi ujao.

Na tusidanganyane kwamba ni madaktari peke yao. Kaka alikuwa na dalili miezi mingi kabla ya kwenda kwa yeyote. Mimi miaka miwili. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023, uliopitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 5,000 waliopata saratani hii kabla ya miaka 50, ukakuta dalili nne zilizojitokeza kati ya miezi mitatu na miaka miwili kabla ya ugonjwa kutambuliwa: maumivu ya tumbo, damu kwenye haja kubwa, kuharisha, na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma. Nilipousoma niliwatumia Kaka na Dada. Kaka akajibu kwa namba tu: "2, 4 na nusu ya 3."

Kwa Mama nilienda, kama nilivyoagizwa. Nilitaka kujua kitu kimoja, kwa sababu fomu ya daktari ilikuwa na nafasi ya babu na bibi pande zote mbili na mimi nilikuwa nimeandika mstari wa kukata.

"Mama, babu alikufa kwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo lipi?"

"Mwanangu, tumbo ni tumbo."

Alikuwa na miaka mingapi? Alifikiri, akahesabu kwa kuzaliwa kwa ndugu zake mmoja mmoja, akafika hamsini na kitu. Je, alikuwa akitoa damu? Hapo Mama alitazama pembeni. Alisema bibi ndiye aliyekuwa akifua, na kwamba nguo zilikuwa zinafuliwa usiku. Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi. Kwenye fomu niliandika: babu mzaa mama, tumbo, hamsini na kitu, inashukiwa. Daktari alisoma akatikisa kichwa kana kwamba nimeandika vizuri sana. Uvimbe wa Kaka ukapelekwa kupimwa protini fulani zinazorekebisha makosa ya vinasaba, ili kuona kama kuna dalili ya ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch, unaoongeza sana hatari ya saratani hii. Wenye Lynch huanza kuingizwa kamera wakiwa na miaka kama 20 hadi 25, na hurudia kila mwaka mmoja au miwili. Majibu ya Kaka hayakuonyesha Lynch. Hata hivyo familia yetu imepoteza taarifa za miaka mingi kwa neno moja, tumbo, na sasa naona tulikuwa tunaandaa neno la pili la kufanya kazi hiyo hiyo: bawasiri.

Nisiwatie watu hofu isiyo na kipimo. Kwa kijana mmoja mmoja hatari bado ni ndogo. Lakini inaongezeka, na hiyo si hisia za mtu aliyefiwa au aliyeuguza. Watafiti Marekani walilinganisha vizazi mwaka 2017 wakakuta kwamba mtu aliyezaliwa karibu na 1990 ana hatari mara 2 ya saratani ya utumbo mpana, na mara 4 ya saratani ya puru, akilinganishwa na aliyezaliwa karibu na 1950 alipokuwa na umri huo huo. Ndiyo maana Chama cha Saratani cha Marekani kilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka 50 hadi 45 mwaka 2018, na jopo la miongozo ya kinga la nchi hiyo likafanya hivyo mwaka 2021. Australia iliwaruhusu wa 45 mwaka 2024. Sehemu nyingi bado ni 50, na zipo nchi ambazo hazina mpango wowote wa kuwaita watu. Mwigizaji Chadwick Boseman aligunduliwa mwaka 2016 ikiwa hatua ya tatu, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Hata angekaa kusubiri huo umri mpya wa 45, asingeufikia.

Sababu ya ongezeko haijakaa sawa. Unene, kukaa, pombe na nyama za kusindika vinatajwa kila mahali, na sina ubishi. Mwaka 2025 watafiti walieleza kwamba alama za sumu iitwayo kolibaktini, inayotengenezwa na aina fulani za bakteria wa tumboni, zinaonekana zaidi kwenye uvimbe wa wagonjwa vijana kuliko wa wazee, na inaelekea madhara hayo hutokea utotoni. Mwenye mto wa tundu nilifarijika kidogo kusikia kwamba huenda kosa si la kiti peke yake.

Sasa niseme kuhusu kolonoskopi, yaani ile kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana, maana kila anayejua nimefanyiwa ananiuliza kwa sauti ya chini.

Kamera yenyewe si kazi. Kazi ni usiku wa kuamkia kamera. Unapewa unga wa kuchanganya na maji mengi, nusu unakunywa jioni na nusu alfajiri, na siku nzima kabla ya hapo huli chochote kigumu, ni vinywaji unavyoweza kuona upande wa pili wa glasi. Vyekundu na vya zambarau hapana, kwa sababu vinaweza kuonekana kama damu huko ndani. Unga wangu ulikuwa na ladha ya maji ya bahari yaliyochovywa limau kwa nia ya kumhadaa mtoto. Glasi ya kwanza nilikunywa kishujaa. Ya pili nikaisema vibaya. Kufika ya nne nikagundua ujanja: iwe baridi sana, tumia mrija, sukuma mrija nyuma ya ulimi, na usisimame kuonja. Saa moja na nusu hakuna lililotokea nikaanza kudhani mimi ni tofauti na binadamu wengine. Sikuwa tofauti.

Chukua hiki chooni: simu iliyojaa chaji, mafuta ya kupaka ya kulainisha ngozi, na karatasi laini kabisa unayoweza kupata. Unajua umemaliza pale kinachotoka kinapokuwa maji ya manjano mepesi, bila chembe. Usifanye nusu nusu. Utumbo usiposafishika vizuri, polipu ndogo (vijinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo) hujificha nyuma ya uchafu, na unaweza kuambiwa urudi kuanza upya.

Asubuhi nilivaa gauni lililo wazi nyuma, nikalazwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Nesi akanichoma dripu, dawa ikaingia, dari ikawa rafiki yangu. Sikulala kabisa, nilikuwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kwenye skrini niliona handaki la rangi ya waridi lenye mikunjo ya pembetatu, likimeremeta. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu cha kutia kinyaa na badala yake nikawa nawaza, kumbe mimi ndani ni msafi hivi.

Wakati wa kuitoa kamera, taratibu, daktari akasimama. "Hiki hapa." Kilikuwa kama kipele kwenye kuta, kimekaa peke yake. Milimita 6. Ukatoka uzi wa waya wenye kitanzi, ukakizunguka, ukakaza, ukakikata. Sikuhisi chochote. Kisha pale pale kwenye mlango wa kutokea kamera ikageuka ikajitazama yenyewe, na daktari akasema, "Na bawasiri unazo."

Ninazo kweli! Miaka miwili nilikuwa sahihi. Damu niliyokuwa naiona, kwa maelezo yake, ilikuwa ya bawasiri, na ile polipu haikuwa imetoa hata tone. Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku tisa: adenoma. Si saratani. Ni aina ya polipu ambayo, ikiachwa, nyingi hazifiki popote, lakini saratani nyingi za utumbo mpana huanzia humo, kwa safari ya miaka kama 10 au zaidi. Kwa hiyo bawasiri yangu isiyo na madhara ilinipa sababu ya kunyamaza, na kaka yangu mgonjwa ndiye aliyenipeleka mahali ambapo kitu kisichonyamazishwa na dawa ya kupaka kilikuwa kimekaa kinasubiri. Kuwa na moja hakukukingi na nyingine. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Baada ya hapo tumbo linabaki limejaa hewa waliyoipuliza ili kupanua njia. Tulikuwa sita kwenye chumba cha kupumzikia, mapazia katikati, watu wazima wenye heshima zao, na nesi anapita akisema, "Toeni tu, msijibane, humu ndani hakuna aibu." Mzee wa kitanda cha dirishani alitii mara moja. Sitasahau.

Kurudi ni baada ya miaka 5, kwa sababu ya Kaka. Asiye na historia katika familia, na ambaye kamera haikukuta kitu, huambiwa 10.

Wenzangu wawili ofisini, mmoja 46 na mwingine 49, waliniambia wangependa kupimwa lakini si "kwa mtindo ule." Kwa mtu kama wao, asiye na dalili wala mgonjwa kwenye ukoo, hailazimu kuanza na kamera. Kipo kipimo cha kutafuta damu isiyoonekana kwenye kinyesi: unajichukulia mwenyewe nyumbani, unachovya kijiti, unafunga kwenye kichupa, unapeleka. Hakuna kufunga, hakuna unga wa limau. Kinarudiwa kila mwaka mmoja au miwili, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kikikuta damu ni lazima uende kwenye kamera, vinginevyo umejipima bure. Mimi kisingenifaa, kwa damu niliyokuwa nayo na kaka niliye naye. Yule wa 49 alifanya wiki iliyofuata. Wa 46 bado ananiuliza maswali.

Kaka amemaliza kemo. Picha ya mwisho ilikuwa safi, na vidole bado vinamfa ganzi, hasa akifunga vifungo vya shati. Amerudi kupanda ngazi, moja moja. Glavu za sufu amenipa mimi, anasema ni za kufungulia majibu.

Aliyekuwa amebaki ni Dada. Miezi minne ametupiga chenga. Kwanza ana kazi nyingi, halafu watoto wana mitihani, halafu yeye haoni damu yoyote, halafu yeye ni mwanamke na hayo ni mambo ya wanaume (si kweli, nilimwambia, na Mama alimwambia kwa ukali zaidi). Nilichoka kumsihi, nikamtumia picha ya kipele changu cha milimita 6, bila maneno. Hakujibu. Siku tatu kimya.

Jana usiku, saa tano na dakika kumi, simu ikalia.

"Wamenipa nichague, limau au chungwa. Ipi ina nafuu?"

Nikamjibu limau, na atafute mrija.